Somo la 17: Kuitambua Nyota ya Nyutroni Iliyo Peke Yake kwa Eksirei

Malengo. Ukimaliza somo hili uweze:
(a) kueleza nyota ya nyutroni ni nini na kukokotoa densiti yake;
(b) kueleza kwa nini eksirei za angani hupimwa kwa setilaiti na si kwa darubini ya mlimani;
(c) kutofautisha nyota ya nyutroni yenye mwenza na ile iliyo peke yake;
(d) kutaja hatua za utambuzi na kutoa sababu ya kila hatua.

Mtahiniwa, mada ya elimu ya anga huachwa na wengi hadi wiki ya mwisho. Husemwa ni mada ya kukariri majina ya sayari, basi. Ni kosa. Ndani yake mna mawimbi, shinikizo la hewa, densiti, joto na eksirei, yaani mambo uliyokwisha kuyasoma tangu Kidato cha Kwanza. Somo hili linayakusanya pamoja katika swali moja: unawezaje kukijua kitu ambacho huwezi kukiona? Mtihani utauandika kwa Kiingereza, lakini hoja huieleweki kwanza katika lugha unayoifikiria. Soma hapa mpaka uelewe, halafu uyahamishe maelezo kwenye daftari lako la Fizikia.

17.1 Mahali pa kuanzia: Malindi, 1970

Simama Lemara, geuza uso mashariki, uipe Mlima Meru bega la kushoto. Ukienda moja kwa moja takriban kilomita 400, ukavuka mpaka wa Kenya na kuifikia Bahari ya Hindi, utakuwa karibu na Malindi. Baharini huko Waitalia walijenga jukwaa la kurushia roketi liitwalo San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi aina ya Scout iliondoka hapo ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani yenye tungamo la takriban kilogramu 140. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala. Kwa heshima ya wenyeji, setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza eksirei zitokazo angani. Meneja wa mradi alikuwa Bi. Marjorie Townsend, na kundi la wanasayansi liliongozwa na Riccardo Giacconi, ambaye mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi yake katika fani hii. Setilaiti ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei.

Kwa nini Malindi? Sababu ni mbili, na zote ni za Fizikia. Kwanza, Dunia inapojizungusha, sehemu za ikweta huenda kasi zaidi, karibu mita 465 kwa sekunde kuelekea mashariki. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure. Pili, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta, karibu na Dunia, huepuka sehemu kubwa ya chembe zenye chaji zilizonaswa na usumaku wa Dunia. Chembe hizo zingevichanganya vipimo vya eksirei.

17.2 Kwa nini tusipande Mlima Meru?

Mwanafunzi makini huuliza: eksirei hupenya nyama ya mkono hadi mfupa ukaonekana, itashindwaje kupenya hewa, ambayo ni nyepesi? Na kama hewa ni tatizo, si tupeleke kifaa kileleni Meru, mita 4,566?

Jibu tunalipata kwa kanuni ya shinikizo, p = ρgh.

Mfano wa 1. Shinikizo la hewa usawa wa bahari ni takriban 1.0 × 10⁵ Pa. Je, hewa yote iliyo juu yetu ina uzito sawa na kina gani cha maji? (ρ ya maji = 1000 kg/m³, g = 10 N/kg)

h = p ÷ ρg = 1.0 × 10⁵ ÷ (1000 × 10) = mita 10.

Kileleni Meru shinikizo ni takriban 5.8 × 10⁴ Pa. Kwa hesabu ile ile, h = mita 5.8.

Mkono wako una unene wa sentimita chache tu. Hata kileleni, eksirei kutoka angani ingelazimika kupenya kitu chenye uzito sawa na mita 5.8 za maji. Haifiki. Hewa huimeza ikiwa bado juu sana. Ndiyo maana tunahitaji roketi au setilaiti, na ndiyo maana binadamu tunaweza kuishi.

17.3 Nyota ya nyutroni ni nini?

James Chadwick aligundua nyutroni mwaka 1932. Miaka miwili baadaye Walter Baade na Fritz Zwicky walitoa wazo kwamba nyota kubwa ikilipuka, kiini chake hubanwa hadi kinakuwa mpira wa nyutroni. Elektroni na protoni husukumwa pamoja, na ule uwazi mkubwa uliomo ndani ya atomu hutoweka.

Nyota ya namna hii huwa na tungamo la takriban mara 1.4 ya Jua, lakini nusu kipenyo chake ni kama kilomita 12 tu. Kipenyo chake basi ni karibu umbali wa barabara kutoka Arusha mjini hadi Usa River.

Mfano wa 2. Kokotoa densiti ya nyota ya nyutroni yenye tungamo 2.8 × 10³⁰ kg na nusu kipenyo 1.2 × 10⁴ m.

Ujazo = ⁴⁄₃πr³ = ⁴⁄₃ × 3.14 × (1.2 × 10⁴)³ = 7.2 × 10¹² m³
Densiti = tungamo ÷ ujazo = 2.8 × 10³⁰ ÷ 7.2 × 10¹² = 3.9 × 10¹⁷ kg/m³

Kijiko kimoja cha chai (5 cm³, yaani 5 × 10⁻⁶ m³) cha kitu hicho kina tungamo la takriban 1.9 × 10¹² kg, ambazo ni tani bilioni 1.9. Lori la tani 10 lingehitaji safari milioni 190 kukihamisha kijiko hicho.

17.4 Kwa nini itoe eksirei?

Kila kitu chenye joto hutoa mawimbi ya sumakuumeme. Kadiri joto linavyopanda, urefu wa wimbi linalotolewa kwa wingi zaidi hupungua. Kanuni ni hii:

urefu wa wimbi (m) = 2.9 × 10⁻³ ÷ joto (K)

Mfano wa 3. Uso wa Jua una joto la 5,800 K. Uso wa nyota fulani ya nyutroni una 700,000 K. Linganisha.

Jua: 2.9 × 10⁻³ ÷ 5,800 = 5.0 × 10⁻⁷ m. Huu ni mwanga tunaouona.
Nyota ya nyutroni: 2.9 × 10⁻³ ÷ 7.0 × 10⁵ = 4.1 × 10⁻⁹ m. Hii ni eksirei laini.
Frikwensi yake: f = c ÷ λ = 3.0 × 10⁸ ÷ 4.1 × 10⁻⁹ = 7.3 × 10¹⁶ Hz.

Angalia jambo hili vizuri. Katika mada ya mionzi ya kathodi ulisoma kwamba eksirei za hospitali hutokea elektroni zenye kasi zinapogonga shabaha ya metali. Hapa hakuna shabaha. Ni joto la uso tu. Mtahini akiuliza chanzo cha eksirei, soma kwanza ni eksirei zipi.

17.5 Jiko linalotiwa mkaa na kaa lililotolewa

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Nyota za nyutroni zitoazo eksirei ni za namna mbili kubwa.

Zilizo na mwenza. Nyota mbili huzungukana, na gesi kutoka kwa mwenza huanguka juu ya nyota ya nyutroni. Gesi hiyo hupata joto kali na kutoa eksirei nyingi. Ni kama jiko ambalo mtu anaendelea kulitia mkaa.

Zilizo peke yake. Hakuna anayezitia mkaa. Nyingine hutoa eksirei kwa nguvu ya mzunguko na usumaku wake. Nyingine hutoa zile za joto lililobaki tangu kuzaliwa kwake. Hizi za mwisho ni kama kaa moja lililotolewa jikoni likawekwa kando: linang'aa, lakini linapoa. Ndizo ngumu zaidi kuzitambua, na ndizo tunazozitafuta katika somo hili.

Setilaiti ya Uhuru ilitufundisha kwanza kuzijua zile zenye mwenza. Mwaka 1971 iligundulika kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 hutoa mapigo ya eksirei kila baada ya sekunde 4.84. Lakini mapigo hayo hayakuwa sawasawa. Yalikaribiana kidogo, kisha yakaachana kidogo, na hali hiyo ikajirudia kila baada ya takriban siku 2.1. Tena, katika kila mzunguko, eksirei zilitoweka kwa karibu nusu siku. Maelezo yake ni mepesi: nyota inatujia, inatuacha, inajificha nyuma ya mwenzake, inatokea tena. Mapigo kukaribiana na kuachana ni athari ya Doppler, ile ile inayofanya honi ya basi linalokujia isikike nyembamba kuliko ya basi linalokwenda zake.

Mfano wa 4. Je, kitu kinachopiga kila sekunde 4.84 chaweza kuwa nyota ya ukubwa wa Dunia (r = 6.4 × 10⁶ m) yenye tungamo 2.8 × 10³⁰ kg?

Mchapuko unaohitajika kushikilia uso usirushwe nje: a = 4π²r ÷ T² = 39.5 × 6.4 × 10⁶ ÷ 23.4 = 1.1 × 10⁷ m/s².
Mvutano uliopo: g = GM ÷ r² = 6.67 × 10⁻¹¹ × 2.8 × 10³⁰ ÷ (6.4 × 10⁶)² = 4.6 × 10⁶ m/s².

Mvutano ni mdogo kuliko unaohitajika, hivyo nyota hiyo ingesambaratika. Sasa weka r = 1.2 × 10⁴ m. Utapata a = 2.0 × 10⁴ m/s², na g = 1.3 × 10¹² m/s². Nyota inashikamana bila taabu. Kwa hiyo kitu hicho lazima kiwe kidogo sana. Hivyo ndivyo pigo la saa linavyokupa ukubwa wa kitu usichokiona.

17.6 Hatua za utambuzi

Mwaka 1990 Ujerumani, ikishirikiana na Marekani na Uingereza, ilirusha setilaiti iitwayo ROSAT. Hii ilikuwa na uwezo wa kuona eksirei laini na hafifu. Katika makumi ya maelfu ya vyanzo ilivyoviorodhesha, zilipatikana nyota saba za nyutroni zilizo peke yake, zinazong'aa kwa joto lao tu. Wanaanga huzitaja kwa pamoja kama zile Saba. Ya kwanza kutambuliwa, mwaka 1996, huitwa RX J1856.5−3754. Namba hizo ni anwani yake angani. Tuifuate hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Pata chanzo cha eksirei laini kisichobadilika. Nyota inayomeza gesi huwaka na kufifia ovyo, kwa sababu gesi haiangukii kwa kiwango kimoja. RX J1856 ilikuwa tulivu.

Hatua ya 2: Pima spektra. Ikilingana na ya kitu chenye joto tu, tunapata joto la uso. Kwa RX J1856 ni karibu 700,000 K.

Hatua ya 3: Tafuta mwanga wa kawaida mahali hapo hapo. Kama pana mwenza, darubini itamwona. Kama hapana, tutaona giza au nukta hafifu mno. Darubini ya anga ya Hubble ilipoelekezwa huko, ilipata nukta ambayo ni hafifu takriban mara milioni 70 kuliko nyota hafifu kabisa unayoweza kuiona kwa macho. Wingi wa eksirei pamoja na uchache wa mwanga ndio alama kuu ya nyota ya nyutroni iliyo peke yake.

Hatua ya 4: Tafuta mapigo. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba RX J1856 hupiga kila sekunde 7.06. Mapigo yake ni dhaifu sana, ndiyo maana yalichelewa kuonekana. Hakuna kupatwa, wala hakuna kukaribiana na kuachana kwa siku mbili mbili kama kule Centaurus X-3.

Hatua ya 5: Pima umbali na mwendo. Picha za Hubble za miaka tofauti zilionyesha nyota hii inasogea angani. Umbali wake ni takriban miaka ya nuru 400, jirani kabisa kwa vipimo vya anga. Hili nalo lina sababu: eksirei laini humezwa na gesi iliyotapakaa kati ya nyota, kwa hiyo zilizo mbali hatuzioni.

Katikati ya Agosti, karibu saa tatu usiku, mbingu ikiwa wazi, tazama kusini kutoka Lemara. Utauona mkia wa kundinyota la Nge. Kushoto kwake kidogo ndiko iliko RX J1856. Hutaiona. Lakini sasa unajua ipo, na unajua jinsi ilivyojulikana.

17.7 Tahadhari: namba moja haitoshi

Mwaka 2002 kundi moja la wanasayansi lilikadiria nusu kipenyo cha RX J1856 kwa kutumia eksirei zake, likapata ukubwa mdogo kuliko ule wa nyota ya nyutroni. Likapendekeza kwamba huenda ni kitu kingine kabisa, nyota ya kwaki. Habari ikaenea duniani. Lakini mwanga wa kawaida wa nyota hiyo ni mwingi kuliko ambavyo kitu kidogo hivyo chenye joto moja kingetoa. Maelezo yanayokubaliana na vipimo vyote viwili ni kwamba sehemu moja ya uso ina joto zaidi na ndiyo itoayo eksirei nyingi, na sehemu iliyobaki, kubwa zaidi na yenye joto pungufu, hutoa mwanga. Kipimo cha eksirei kilikuwa sahihi; kilichokosewa ni kudhani kwamba uso wote una joto moja.

Ndivyo ilivyo hata katika chumba cha mtihani. Wengi hukokotoa vizuri, kisha hupoteza alama kwa sababu hawakusema wanadhania nini.

17.8 Makosa ya kawaida ya watahiniwa

1. "Nyota ya nyutroni ina chaji kwa kuwa imetokana na protoni." Si kweli. Protoni na elektroni zilibanwa pamoja, chaji zikafutana.
2. "Setilaiti hutumika kwa sababu iko karibu zaidi na nyota." Si kweli. Kilomita mia chache si kitu mbele ya miaka ya nuru 400. Sababu ni angahewa kumeza eksirei.
3. "Mapigo ni nyota inayowaka na kuzima." Nyota huwaka wakati wote. Inapojizungusha, sehemu yenye joto zaidi hutugeukia na kutuacha.
4. Kuchanganya mwaka wa nuru na muda. Mwaka wa nuru ni umbali.

17.9 Swali la mfano na jibu lake

Swali: Chanzo P hutoa eksirei zenye mapigo ya sekunde 8, hakipatwi, hakibadiliki, na darubini haioni nyota mahali pake. Chanzo Q hutoa mapigo ya sekunde 5, hutoweka kwa saa kadhaa kila baada ya siku 3, na mahali pake pana nyota kubwa ya samawati. Kipi ni nyota ya nyutroni iliyo peke yake? Toa sababu tatu.

Jibu: Ni P. (i) Haipatwi, maana hakuna mwenza wa kuifunika. Q hutoweka kwa sababu hupita nyuma ya mwenza. (ii) Eksirei za P hazibadiliki, dalili kwamba hakuna gesi inayoiangukia. Zinatokana na joto lililobaki. (iii) Hakuna mwanga unaoonekana mahali pa P, maana nyota yenyewe ni ndogo mno na haina mwenza. Nyota ya samawati ndiyo mwenza wa Q.

Ona kwamba kila sababu ina sehemu mbili: kilichoonekana na maana yake. Ukiandika kilichoonekana peke yake, umenakili swali.

Maswali ya marudio

1. Eksirei ina urefu wa wimbi wa 2.0 × 10⁻⁹ m. Kokotoa frikwensi yake.
2. Nyota ina joto la uso la 1.0 × 10⁶ K. Tafuta urefu wa wimbi inalotoa kwa wingi zaidi.
3. Chanzo Hercules X-1 hupiga kila sekunde 1.24 na kina mzunguko wa siku 1.7 unaofuatwa na kupatwa. (a) Hupiga mara ngapi kwa dakika 2? (b) Je, kiko peke yake?
4. Rafiki yako anapendekeza kupima eksirei za nyota kileleni Kilimanjaro kwa kuwa ni kurefu kuliko Meru. Mjibu.
5. Eleza faida mbili za kurushia setilaiti ya eksirei karibu na ikweta.

Majibu

1. 1.5 × 10¹⁷ Hz.
2. 2.9 × 10⁻⁹ m.
3. (a) 120 ÷ 1.24 = takriban mara 97. (b) Hapana, kupatwa kunaonyesha kina mwenza.
4. Hewa iliyobaki juu ya kilele bado ina uzito sawa na mita kadhaa za maji, kwa hiyo eksirei hazifiki. Inahitajika roketi au setilaiti.
5. Roketi hupata kasi ya mzunguko wa Dunia. Setilaiti huepuka sehemu kubwa ya chembe zenye chaji.

Ukikosa zaidi ya mawili, rudi 17.2 na 17.5 kabla ya kuendelea na somo la 18.